Jibu la Siku Ishirini na Mbili

Sehemu ya Kumi na Moja

Mkono uliomwangukia Tusajigwe begani haukuwa wa Ambindwile.

Pumua basi, msomaji, najua wiki nzima umekaa roho juu. Ulikuwa mkono wa Fred, fundi wa intaneti wa mlango wa pili, mtu mzima mwenye kipara na mabuti ya mpira, amelowa mvua mpaka nyusi.

"Dada Tusa, unataka kufa? Nimebisha mara tatu."

"Funga mlango. Bosi umemwona wapi?"

"Yuko benki, kwenye foleni. Mbona unatetemeka?"

Tusajigwe alinyoosha kidole kwenye kioo cha kompyuta, kwenye ule mstari uliomgandisha tangu saa tano kasorobo. Mstari ulikuwa wa Kiingereza, nami nakutafsiria: Onyo 110, jibu hili limechacha.

Kwa wewe uliyeokota gazeti leo kwa mara ya kwanza, ingia ndani usilowe. Huu ni mwaka 2004. Tangu serikali ifungue milango ya biashara, maduka ya dawa ya watu binafsi yameota Tukuyu kama uyoga, na kubwa kuliko yote ni hili la jumla la Ambindwile. Tusajigwe, mke wa Lutufyo, ndiye mtu wa kompyuta hapa. Ametengeneza kwa mikono yake programu ya kukagua dawa. Unaandika namba ya toleo iliyo kwenye kasha, programu inaomba Dar es Salaam orodha ya dawa zilizopigwa marufuku, halafu kioo kinaandika SALAMA kwa kijani au HATARI kwa nyekundu. Miezi minane watu wa Rungwe wamemeza dawa kwa neno la kioo hicho.

Na miezi minane Tusajigwe amekuwa akifanya kosa moja bila kujua.

Kila jibu linalokuja kwa mtandao hutangulizwa na mistari midogo, mfano wa maandishi ya juu ya bahasha: limetumwa lini, limepitia wapi, lina umri gani. Wenye kazi yao huiita heda. Programu yake ilikuwa inachana bahasha, inasoma barua, bahasha inatupa. Leo asubuhi, kwa sababu tu mvua iliwazuia wateja naye akakosa la kufanya, aliamua kuonyesha kwenye kioo kila kilichomo kwenye bahasha.

Afadhali angefuma sweta.

"Sasa ubaya uko wapi?" Fred aliuliza. "Si inarudisha mia mbili?"

Mia mbili ni namba ambayo mashine ya mbali hutuma kusema ombi limefika na limejibiwa. Programu ya Tusajigwe ikishaiona mia mbili hufurahi na kuendelea na kazi.

"Mia mbili inasema nimekujibu. Haisemi jibu nimelipika lini. Hebu soma hapa, umri wa jibu."

Umri ulikuwa umeandikwa kwa sekunde: milioni moja, laki tisa na ushee. Fred akavuta kikokotozi cha kaunta, akagawa, akafuta, akagawa tena.

"Siku ishirini na mbili," alisema taratibu.

"Kiporo cha siku ishirini na mbili, Fred. Kila asubuhi nakipasha moto nawapakulia watu."

"Basi omba kipya!"

Alikwisha kufikiria hilo. Aliongeza mstari mmoja kwenye ombi lake, mstari wa amri: usinipe cha akiba, nenda mpaka Dar. Akabonyeza. Wakasubiri, mvua inapiga mabati. Jibu likarudi. Mia mbili, kijani, kila kitu sawa.

Ila umri ulikuwa umeongezeka sekunde mia mbili na kumi.

"Limekataa," Tusajigwe alisema. "Kuna mashine njiani imeshika orodha ya zamani, na amri yangu haiitii. Ni ile mashine yako ya kuhifadhi kurasa, si ndiyo?"

"Yangu?" Fred alikasirika kweli. "Yangu haihifadhi kitu hata saa moja. Usinibebeshe mzigo usio wangu. Nionyeshe mstari wa njia."

Upo mstari kwenye bahasha ambamo kila mashine linamopita jibu huacha jina lake. Tusajigwe akaushusha katikati ya kioo. Majina yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa PRISCA.

"Hiyo ndiyo mashine yangu, nimeipa jina la binti yangu," Fred alisema. "Na hii inayofuata? STOO-2 ni nani?"

Tusajigwe aligeuka nyuma polepole. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na mlango wa chuma wenye maandishi ya rangi ya mafuta: STOO 2. Ufunguo wake ulikaa kwenye mshipi wa Ambindwile, mchana na usiku. Wakatega masikio, wakasikia nyuma ya mlango feni ya kompyuta ikikoroma.

Kikulacho ki nguoni mwako.

"Aliniambia ni mashine ya kubana matumizi ya intaneti," Tusajigwe alinong'ona. "Nikamsifu."

Fred hakungoja kuambiwa. Alikuwa amekuja kupima laini, na begani alibeba mzingo wa waya. Alifungua dirisha, akarusha ncha moja upande wa kwake, akatoka mbio kuichomeka, akarudi anahema. Ncha nyingine akaisukuma nyuma ya kompyuta ya Tusajigwe baada ya kuung'oa waya wa ukutani.

"Haya. Sasa hupiti stoo kwa mtu. Uliza."

Tusajigwe akauliza. Mia mbili. Tarehe ya leo. Umri hakuna, onyo hakuna. Orodha ilikuwa ileile, imeongezeka kitu kimoja mwishoni. Programu, kwa upole uleule wa siku zote, ikakiandika kwa rangi nyekundu.

Toleo 0417, vidonge vya moyo. Nguvu yake ni mara tano ya iliyoandikwa. Mgonjwa huanza kuona vitu vyote vya njano, kisha mapigo ya moyo hupungua, kisha husimama. Vikusanywe bila kukawia.

Marufuku ilikuwa na siku ishirini na moja.

"Ishirini na moja," Fred alisema. "Na kiporo ni cha ishirini na mbili."

"Aliifungia orodha siku moja kabla, Fred. Alijua marufuku inakuja. Akaifungia, halafu akaenda kuyanunua hayo makasha yenyewe kwa bei ya bure. Yameingia juzi Jumatatu."

"Mmeshauza?"

Tusajigwe alijishika mdomo. Kasha moja tu lilikuwa limefunguliwa. Chupa moja tu ilikuwa imetoka, na aliyeitoa ni yeye mwenyewe jana jioni, baada ya kuandika 0417 kwenye programu yake na kuisoma SALAMA kwa macho yake mawili. Akaikatisha kwenye mshahara wake, akaifunga kwenye karatasi, akaipeleka nyumbani Ibighi.

Kwa baba mkwe.

Chupa ya zamani ya mzee iliisha jana. Dozi ya leo ilikuwa ya kwanza kutoka kwenye ile mpya, na mzee hunywa dawa saa sita kamili, akishakula. Tusajigwe alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na dakika thelathini na tano.

Alimpigia simu mama mkwe, Esnath. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Ndipo akakumbuka kwamba Mama alisema ataamkia Suma kumwona kaka yake, na huko Suma mtandao mpaka upande kilima. Mumewe Lutufyo alikuwa Mbeya kikazi. Nyumbani mzee alikuwa peke yake, naye hana simu.

"Fred, kaa hapa. Piga chapa hiyo mistari yote, ya kiporo na ya kipya. Usimfungulie mtu."

"Na wewe?"

Alikwisha kutoka.

* * *

Waliosema haraka haina baraka hawakuwa na mkwe mwenye chupa mkononi. Tusajigwe aliteremka kuelekea Ibighi na viatu vyake amevishika, tope linamrukia mpaka kiunoni, na watu waliojibanza barazani kukwepa mvua wakamwita kichaa.

Njia nzima alijilaumu. Angefungua ile bahasha mwezi mmoja mapema! Mistari ilikuwepo, imeandikwa wazi, inapiga kelele, naye anaitupa kila siku kwa sababu kijani kilimtosha.

Lakini kulikuwa na jambo lililomtisha kuliko hilo, na kila Mnyakyusa anayesoma hapa keshalijua.

Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni. Hasemi naye, haingii chumba alichomo, na jina lake halitamki. Wakikutana njiani, mwanamke huacha njia na kuinama kwenye majani mpaka mzee apite. Mabinti wengi wa mjini siku hizi wanacheka tu. Ila Mzee Zebedayo, miaka thelathini kiwanda cha chai, alikuwa mtu wa kale, naye Tusajigwe alimheshimu. Miaka minne ameolewa pale, na hawajawahi kusemezana neno. Salamu, chakula, pole ya homa, hata ile chupa ya jana, vyote vilipita mikononi mwa Mama Esnath. Yeye ndiye aliyekuwa njia.

Na leo njia ilikuwa Suma.

Alifika uani saa sita kasoro dakika tatu. Alikimbilia kwanza kwa jirani, Anosisye, ili amtume. Kufuli. Nyumba ya pili nayo kufuli. Ilikuwa siku ya kupima majani, watu wote walikuwa kwenye kituo cha chai.

Akasimama nje ya dirisha la mzee, akageukia upande, akaita.

"Baba! Usinywe dawa! Baba!"

Kutoka ndani kikaja kikohozi kikubwa, cha makusudi. Tusajigwe alikifahamu vizuri. Hicho ndicho kikohozi mzee alichokitoa kila alipotaka kupita uani, kumwambia mkwe wake: nipo, jifiche. Mzee wa watu alikuwa amesikia sauti ya mwanamke kwenye kelele za mvua na mabati, maneno hakuyapata, akafanya adabu aliyofundishwa.

"Usinywe!"

Kikohozi tena, kikali zaidi.

Alisukuma mlango.

Mzee Zebedayo alikuwa amekaa kitandani, sahani ya ndizi iko chini imeshaliwa, kikombe cha maji mkono wa kushoto. Kwenye kiganja cha kulia vilikaa vidonge viwili vyeupe. Alimwona mke wa mwanawe amesimama mlangoni, kichwa wazi, anachuruzika maji, na uso wa mzee ulionyesha hofu ya mtu aliyeona msiba. Alifanya ambalo angefanya mzee yeyote mwenye haya. Aligeukia ukuta, akavuta blanketi, akajifunika gubigubi.

Na chini ya blanketi, Tusajigwe akauona ule mkono wa kulia ukipanda kuelekea mdomoni. Nadhani mzee alitaka kumaliza haraka ili mtoto wa watu atoke.

Alikuwa mbali naye hatua nne. Kumgusa asingeweza kabla ya mkono kufika. Kilichokuwa kimebaki ni sauti, na sauti ya kawaida ilikuwa imeshashindwa. Basi likamtoka lile neno ambalo kanisani, likisomwa somo la wale wavuvi wawili na baba yao, yeye huinamisha kichwa na kufumba mdomo.

"Zebedayo!"

Kikombe kilianguka. Vidonge vikatawanyika sakafuni, na Tusajigwe akavipigia magoti, akavikusanya huku analia.

Mzee akasema kutoka ndani ya blanketi, bila kugeuka.

"We ukuta. Muulize huyu mtoto, Kyala amemfanya nini."

Tusajigwe akaelewa. Akageukia mlango, akawa anaongea na mlango.

"Mlango, mwambie Baba hii dawa ni mbaya. Ina nguvu mara tano. Inasimamisha moyo. Mimi ndiye niliyeileta, mimi ndiye nimekosa. Mwambie anisamehe, na mila nimevunja, wazee watanihukumu watakavyo."

"Ukuta, mwambie mila ina wenyewe, tutaimaliza kwa faini ya ng'ombe. Ndaga fijo, mwambie, asante sana. Mimi kidonge sijameza hata kimoja."

Tusajigwe alikaa chini palepale. Alishukuru Mungu kwa Kiswahili, kisha Kyala kwa Kinyakyusa. Alichukua chupa iliyokuwa kwenye kigoda, akavirudisha vile viwili, na kwa mazoea ya kazi akavihesabu.

Alivihesabu tena.

"Mlango," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Muulize Baba. Chupa ilitoka dukani na vidonge thelathini. Nimeona ishirini na nane."

"Mama yako," mzee alisema, akasahau kuutuma ukuta. "Alfajiri alisema moyo unamdunda, na mlima wa Suma anauogopa. Nikampa viwili vyangu. Alivimeza hapa hapa, nikamtazama."

Kisha yeye mwenyewe akasikia alichokisema. Blanketi likaanguka. Mzee Zebedayo akageuka, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne wakatazamana usoni, baba na mkwe, kila mmoja akiiona hofu yake kwa mwenzake.

* * *

Nje gari lilizima injini.

Tusajigwe aliomba awe Fred. Viatu vilivyopanda barazani vilikuwa vya ngozi, vikapanguswa taratibu kwenye gunia la mlangoni kwa ustaarabu wote.

"Hodi hapa! Ugonile, Mzee wangu!"

Ambindwile aliingia bila kukaribishwa. Mtu wa shati jeupe, sauti laini, mzee wa kanisa. Akamsalimu Zebedayo kwa mikono miwili. Akamgeukia Tusajigwe.

"Binti yangu, umeniachia duka wazi."

"Fred yuko wapi?"

"Yuko stoo. Anapumzika kidogo. Ameniharibia waya wangu wa ukutani, na zile karatasi alizopiga chapa nimezichukua." Alitabasamu. "Na ile mashine yangu nimeifuta yote, ilikuwa imejaa takataka. Makasha ya juzi nayo nimeyapakia, yanarudi yalikotoka. Ila kuna kasha limefunguliwa, lilikuwa na chupa ishirini na nne, nimeona ishirini na tatu. Nikajiuliza, ni nani mwenye mgonjwa wa moyo nyumbani?"

Alinyoosha kiganja.

Tusajigwe aliirudisha chupa nyuma ya mgongo. Sasa aliona yote. Mistari ya bahasha ilikuwa imefutwa, makasha yanaondoka, na Fred yuko nyuma ya mlango wa chuma. Hii chupa yenye kibandiko cha duka ndicho kitu pekee duniani kilichobaki kinachosema Ambindwile aliuza 0417.

"Sikupi."

"Usinikosee adabu mbele ya mkweo."

"Nimesema sikupi, bosi. Hii inakwenda polisi."

Simu yake ikaita. Kwenye kioo kidogo cha simu lilikuwa jina la Mama. Tusajigwe aliipokea kwa mkono wa pili.

"Mama! Mama, uko wapi?"

"Nimefika juu, mwanangu, huku kuna mtandao kidogo." Sauti ya Esnath ilikuwa nzito na ya mbali. "Nimekaa kupumzika. Miguu haitaki. Hivi huko mvua inanyesha? Huku kumeanuka, lakini sijui macho yamefanyaje. Migomba yote naiona ya njano. Hata shuka langu jeupe limekuwa la njano."

Mzee Zebedayo alisikia. Chumba kilikuwa kidogo, na simu za miaka ile zilipiga kelele.

"Mama, kaa hapo hapo. Usitembee hata hatua moja. Nakuja sasa hivi, nakuja na gari."

Alisema gari kabla hajajua gari atalitoa wapi. Kwa mvua ya wiki nzima, njia ya Suma ilikuwa haipandwi na teksi yoyote ya Tukuyu. Labda pikapu ya magurudumu manne yanayovuta. Na pikapu ya namna hiyo ilikuwa imeegeshwa pale nje, yenye funguo mkononi mwa Ambindwile.

Ambindwile naye alikwisha kuhesabu.

"Robo saa nakufikisha," alisema kwa huruma. "Tunampakia mama, tunamshusha hospitali, anapona. Mimi si muuaji, binti yangu, ni mfanyabiashara. Nipe chupa tu."

"Ukishapata chupa utamuua mwingine mwakani!"

"Kila dakika tunayobishana ni ya mama mkweo, si yangu."

Tusajigwe aliibana chupa mpaka vidole vikamuuma. Akilini alimwona Mama Esnath amekaa peke yake kwenye majani yaliyolowa, anashangaa rangi ya migomba. Aliwaona pia wale wasiojulikana, wa Kyela, wa Ileje, wa popote makasha yale yatakakoshushwa, watakaomeza kwa kuamini. Hakuweza kuchagua. Akalia kwa hasira.

"Mpe."

Ilikuwa sauti ya Mzee Zebedayo. Alikuwa amesimama, mrefu kuliko Tusajigwe alivyomdhania, anaongea naye moja kwa moja bila ukuta wala mlango.

"Baba, hii ndiyo shahidi wetu."

"Nimesikia. Mpe. Dunia itatafuta shahidi mwingine, mimi mke mwingine sitafuti." Akaonyesha mlango kwa kidole. "Nenda kamlete mama yako, mwanangu. Mimi gari hilo sipandi na wewe, tusije tukavunja yote siku moja. Nitakaa mlangoni hapa mpaka mrudi."

Tusajigwe akampa bosi.

Ambindwile aliipokea chupa, akaisoma namba, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. "Mzee mwenye busara," alisema. Akamfungulia Tusajigwe mlango wa mbele wa pikapu kama mtu anayempeleka bibi harusi.

Mvua ilikuwa imezidi. Waliondoka kwa kasi, na Tusajigwe akageuka akamwona mzee ameketi kizingitini, blanketi begani. Kwa kasi hiyo alipata matumaini. Alianza hata kupanga: kwanza Mama, hospitali, kisha Fred, kisha Lutufyo aje, na mtu aliyeweza kuificha orodha kwa siku ishirini na mbili hakosi kuacha alama mahali pengine.

"Bosi, kona ya Suma hii hapa mbele, baada ya mkaratusi. Inateleza."

"Naijua."

Mkaratusi ukaja. Kona ikaja, tope jekundu linapanda kilimani kushoto. Ambindwile hakupunguza mwendo. Kona ikapita.

"Umepita! Bosi, umepita kona!"

Ambindwile alibonyeza kitu ubavuni mwake, na milango yote ikajifunga kwa mlio mmoja. Hakumtazama. Alikuwa anaitazama barabara, na ule upole wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Chupa haikuwa tatizo, Tusajigwe," alisema. "Chupa haiwezi kusimama mahakamani ikaeleza umri wa jibu. Wewe unaweza."

Tusajigwe aliurukia usukani, akasukumwa kwa kiwiko, kichwa kikagonga kioo. Gari liliyumba, likanyooka, likaongeza mwendo. Hapo simu ikaita tena mapajani mwake, na kidole chake kikaipokea kabla Ambindwile hajainyakua.

"Mwanangu," ilisema sauti ya Esnath, taratibu, kwa kuhema, "nimejivuta mpaka kando ya barabara ili msinipite. Hilo gari mnalokuja nalo ni la rangi gani, nilipungie mkono?"